Vinia ya upinde huchaguliwa ikiwa imelowa

Mteja akifika karakanani kwangu Keko, Dar es Salaam, kuchagua vinia za upinde wake, yaani mbao zilizopasuliwa nyembamba sana, kwanza namkabidhi kitambaa chenye spiriti. Apanguse kila kipande, atazame upesi kabla hakijakauka. Rangi anayoiona kwa zile sekunde chache ndiyo atakayokaa nayo, kwa sababu gundi ya epoksi na faibaglasi angavu huiacha mbao kama iliyolowa maji, isikauke tena. Mninga wa rangi ya asali hugeuka kahawia iliyoiva. Mpingo, ambao mkavu bado una michirizi ya zambarau, huwa mweusi tii, na ile michirizi aliyoipenda mteja inapotea.

Upinde ninaotengeneza ni wa tabaka. Katikati kuna mbao au mianzi, pande zote mbili inafuata vinia ya kama milimita 0.6, na nje kabisa faibaglasi. Mhadzabe, mwindaji wa bonde la Yaeda, hana haja ya haya yote. Upinde wake ni mti mmoja uliochongwa, na unawinda. Kwenye wangu, kazi nzito inafanywa na faibaglasi: ya mgongoni (upande unaoelekea shabaha) inavutwa, ya tumboni (upande unaomwelekea mpigaji) inabanwa. Kwa hiyo mafundi wengi husema vinia ni pambo tu, chukua yoyote inayopendeza. Mimi nakataa. Vinia imekaa kati ya faibaglasi na mbao ya katikati, na isiposhikwa na gundi upande mmoja tu, upinde umekwisha.

Nilijifunza hilo kwenye upinde wangu wa tatu, niliouvisha mtiki mzuri sana. Nilipiga msasa jioni, nikabandika kesho yake asubuhi. Ulidumu miezi miwili. Siku moja nimeuvuta mpaka shavuni, ukalia kama kuni kavu, na faibaglasi ikabanduka kutoka ncha hadi karibu na kishikio. Nilipochungulia, gundi yote ilikuwa upande wa faibaglasi. Mtiki ulikuwa safi, kana kwamba haujawahi kuguswa. Mtiki una mafuta, na usiku ule yalikuwa yamepanda juu ya uso nilioupiga msasa. Mpingo nao ni hivyo hivyo. Siku hizi mbao za mafuta nazipiga msasa, nazipangusa kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke cheupe, na gundi inapakwa saa ile ile.

Chaguo langu la kwanza ni mninga. Hauvimbi wala kusinyaa sana kati ya masika na kiangazi, na gundi inaushika. Ila vitundu vyake viko wazi, na hewa iliyonaswa humo hubaki chini ya faibaglasi kama vidoti vyeupe. Ninausugulia epoksi kidogo kwa kadi ngumu, ikolee kwenye vitundu, ndipo nalaza faibaglasi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, kwa hiyo vinia zinakaa kwanza kwenye sanduku lenye balbu. Nazipima kila siku kwa mizani ya jikoni, na uzito ukiacha kushuka, zimekauka.

Kuhusu unene sina msamaha. Nguvu ya upinde inaongezeka kwa unene uliopigwa mara tatu kwa wenyewe. Chukua mkono wa upinde, ile sehemu inayopinda kutoka kishikio hadi ncha, wenye unene wa milimita 10. Ukiuzidishia milimita 0.3 tu, upinde unaovutwa kwa nguvu ya paundi 45 unafika kama paundi 49. Kwa hiyo kila ninachoongeza kwa vinia nakipunguza kwenye mbao ya katikati, na kila vinia naipima sehemu sita.

Kwa mwindaji (na kuwinda bila leseni sikushauri) napendekeza rangi zilizotulia, na umaliziaji usiong'aa, maana mng'ao wa jua kwenye mikono ya upinde mnyama anauona. Mpingo nauweka kwenye kishikio. Uzito wake unakaribia mara mbili ya mninga, na gramu zilizo nchani ndizo zinazoupunguzia mshale kasi. Tena tangu 2017 mpingo na karibu jamii yake nzima umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kama upinde utasafiri nje, uliza habari za vibali kabla sijakata.

Jambo la mwisho mezani ni kulinganisha. Vinia za mikono miwili nazipasua kutoka gogo moja, zikifuatana, kisha nazifungua kama kurasa ili mistari ya mkono wa juu itazamane na ya mkono wa chini. Kila moja naipa namba kwa penseli mara tu inapotoka kwenye msumeno, zisichanganyike. Namba iandikwe upande utakaoelekea katikati ya upinde. Ukiiandika upande wa nje, itasomeka chini ya faibaglasi siku zote.