Je, Wajua Kwa Nini SAR Hugoma Kumeza Risasi?

Tembo wakiingia shambani usiku kule Liwale, askari wa wanyamapori hufyatua risasi hewani, na mara nyingi hiyo moja hutosha. Wasipogeuka, inatakiwa ya pili. Hapo ndipo bunduki yake, SAR, inapoweza kumwaibisha: anabonyeza kifyatulio, unasikika mlio mkavu wa nyundo tu. Watasema imekwama. Ila neno hilo ni kama kumwambia daktari "naumwa" ukanyamaza. La maana ni risasi imekwamia wapi, maana pale iliposimama ndipo panapoanzia jibu.

SAR, ambayo kwingine huitwa SKS, ni ile bunduki ndefu yenye singe ya kukunja chini ya mtutu. Aliibuni Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945, na Wachina wakaanza kutengeneza nakala yao mwaka 1956. Hubeba risasi 10 za milimita 7.62 kwa 39 ndani ya magazini iliyofungwa kwenye bunduki yenyewe, hivyo haichomolewi kama ya SMG, yaani AK-47. Risasi ikilipuka, sehemu ya gesi hupenya tundu dogo juu ya mtutu na kusukuma pistoni. Pistoni hurudisha nyuma bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, bolti huvuta ganda na kulitupa nje. Kisha springi huirudisha bolti mbele, nayo hukomba risasi ya juu kwenye magazini, huipandisha na kuisukumia kwenye chemba, yaani nyumba ya risasi nyuma ya mtutu.

Kabla ya kutafuta kasoro, toa risasi. Elekeza mtutu kwenye mchanga, weka kidole mbali na kifyatulio, vuta nyuma kishikizo kilichopo kati ya magazini na kinga ya kifyatulio. Kitako cha magazini kitafunguka na risasi zitamwagika mkononi. Vuta bolti nyuma, tazama chemba kwa jicho, kisha ipapase kwa kidole. Ukiwa gizani, kidole ni mkweli kuliko jicho. Majaribio yote yanayofuata yafanywe kwa risasi za bandia, zisizo na baruti wala fataki, yaani kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti.

Tuseme bolti imefunga, chemba ni tupu, na magazini bado ina risasi. Jaza za bandia na ukoki kwa mkono mara kumi. Ikiwa kwa mkono inameza zote, na kwenye shabaha inagoma, magazini haina kosa. Bolti hairudi nyuma ya kutosha: inafika mahali pa kutupa ganda lakini haifiki nyuma ya kitako cha risasi inayofuata, kwa hiyo inarudi mikono mitupu. Tatizo liko kwenye gesi. Ikiwa hata kwa mkono bolti inapita bila kukomba risasi, basi ndiyo, itazame magazini.

Kwenye magazini, anza na jambo dogo linalodharauliwa sana: kishikizo kimelia "tak"? Kitako kisipofunga sawasawa huning'inia kidogo, risasi zinakaa chini, na bolti inapita juu yake. Kisha bonyeza kwa kidole kile kibao kinachoinua risasi. Kinatakiwa kirudi juu kwa kishindo. Kikipanda polepole kama mzee anayetoka kwenye jamvi, kuna uchafu pembeni au springi imechoka. Springi iliyochoka haivutwi ili "ipate nguvu". Itakudanganya siku mbili tatu halafu itarudi vilevile. Inabadilishwa, na kazi hiyo ni ya fundi wa silaha.

Ujazaji nao una lawama zake. Ukitumia klipu, kile kibanio cha chuma kinachoshika risasi kwa safu, weka dole gumba karibu na klipu yenyewe na usukume chini moja kwa moja. Ukisukuma ukiwa umeegemea upande wa ncha, risasi zinainamisha vichwa ndani, na ile ya kwanza itagonga ukuta wa mbele badala ya kupanda kwenye chemba. Ukiona alama ya mkwaruzo au ncha iliyobonyea, risasi hiyo iweke kando, usiirudishe.

Namna nyingine ni risasi kuingia karibu yote huku bolti ikibaki milimita mbili au tatu kabla ya kufunga. Mara nyingi anayelaumiwa ni springi, kumbe ni mkono: watu husindikiza bolti mbele taratibu wakidhani wanaihurumia bunduki. Ivute hadi mwisho, iachie. Ikiwa bado haifungi, chemba ni chafu au ganda limebonyea.

Na ukikuta risasi mpya imegonga ganda la zamani lililobaki chemba, hilo si kosa la kumeza hata kidogo. Ni kosa la kutoa. Angalia kucha ya bolti inayokamata ukingo wa ganda. Masizi yakijaa chini yake, inateleza.

Turudi kwenye gesi, kwa sababu Mtwara, Mikindani hadi Kilwa ndiko inakosumbua. Fataki za risasi nyingi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu na kwenye njia ya gesi. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Ndani ya siku chache kutu inaota kwenye pistoni. Kupaka mafuta juu yake ni kuifunika tu, kwani mafuta hayayeyushi chumvi. Kinachoiyeyusha ni maji. Mimina maji ya moto kwenye mtutu, kwenye tundu la gesi na kwenye bomba la gesi siku hiyohiyo ya kufyatua, futa, acha vikauke kabisa, ndipo upake mafuta kidogo.

Bomba la gesi hufunguliwa kwa kuinua mkono mdogo wa chuma ulio kulia mwa kilengeo cha nyuma. Uinue hadi usimame wima, usiupitishe hapo, maana nyuma yake kuna kijiti chenye springi, nacho huruka na kupotelea mchangani. Ukiinamisha bomba, pistoni iteleze yenyewe kwa uzito wake. Ikihitaji kugongwagongwa, umeshampata mhalifu.

Bara, hali inageuka. Kwenye vumbi jekundu la Newala, au wakati mikorosho inapopuliziwa salfa ya unga, bunduki iliyolowa mafuta inageuka gundi. Huko futa hadi kidole kikipita kibaki na mng'ao tu.

Mwisho, shika bolti peke yake na uitikise sikioni. Pini ndani yake, ile inayogonga fataki, iwe inalia, inacheza mbele na nyuma. Ikinyamaza, imenasa kwenye grisi kavu au kutu. Ikinasa ikiwa imechomoza mbele, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe bolti inapofunga, na ikaendelea mpaka magazini iishe. Bunduki ya namna hiyo usiijaze risasi. Irudishe ghalani.