Je, wajua kwa nini mpira mkuukuu ulimtii Wasim Akram kuliko mpya?

Ilikuwa tarehe 25 Machi 1992, Melbourne, Australia, fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, na watu zaidi ya 87,000 wamejaa uwanjani. Uingereza inatafuta mikimbio 250 (mikimbio ndiyo alama za kriketi) ili kuishinda Pakistan. Wapigaji wake wanne wameshatoka, lakini Allan Lamb na Neil Fairbrother wamesimama imara na kuongeza mikimbio 72. Nahodha Imran Khan anaona kombe linamponyoka. Anamwita tena Wasim Akram, kijana wa miaka 25 anayerusha kwa mkono wa kushoto.

Mpira unatoka mkononi ukielekea mwilini mwa Lamb. Lamb ananyoosha kibao chake cha kupigia mahali ambapo mpira ulipaswa kufika. Mpira unabadili nia njiani, unapita ukingoni mwa kibao na kugonga kijiti. Anaingia Chris Lewis. Mpira wa kwanza anaotupiwa unakwenda kinyume kabisa na ule wa Lamb: unaanzia nje, unakata ndani kwa kasi, unagusa kibao na kuvunja vijiti. Wapigaji wawili, mipira miwili mfululizo. Pakistan ilishinda kwa mikimbio 22 na Wasim akawa mchezaji bora wa fainali.

Nimeitazama picha ya mipira ile miwili mara nyingi mno, na swali ni lile lile kila mara. Mkono ni mmoja na kasi ni karibu ile ile. Vipi mmoja uende huku na wa pili uende kule? Na kwa nini afanye hivyo kwa mpira uliokwisha kuchakaa, wakati kila mtu alijua kwamba mpira hatari ni mpya?

Kwa asiyefuatilia kriketi: mrushaji analenga vijiti vitatu vilivyosimama nyuma ya mpigaji. Akiviangusha, mpigaji ametoka, na hiyo inahesabiwa wiketi moja. Mpira ni moyo wa koki uliozungushiwa nyuzi na kuvikwa ngozi, uzito wake gramu kama 160, na katikati umezungukwa na mshono ulioinuka kidogo. Mshono huo ndio ufunguo wa habari yote.

Mpira unapopaa, tabaka jembamba la hewa huuganda kama ngozi ya pili. Mrushaji akiuinamisha mshono upande mmoja, hewa ya upande huo hukwaruzwa na kuvurugika. Hewa iliyovurugika ina tabia ya kushangaza: huung'ang'ania mpira kwa muda mrefu zaidi na kuzunguka hadi nyuma, ilhali hewa tulivu ya upande laini huachia mapema. Tofauti hiyo inatosha kuusukuma mpira kuelekea ulikoelekezwa mshono. Ni kama usukani wa chombo: unapouelekeza ndiko kinakokwenda. Huo ndio mpindo wa kawaida, na mpira mpya unaong'aa unauweza vizuri. Ukishachakaa pande zote, hewa inavurugika kulia na kushoto sawasawa, nao mpira unakwenda moja kwa moja. Hapo mpigaji alizoea kushusha pumzi.

Wapakistani waligundua kwamba hapo ndipo panapoanza mchezo mwingine. Ukiuchakaza mpira upande mmoja tu, na ukaurusha kwa kasi kubwa, hewa huvurugika mapema pande zote mbili kabla hata ya kuufikia mshono. Sasa mshono haufanyi tena kazi ya kuivuruga hewa, maana imeshavurugika. Unakuwa kama kizingiti: hewa inajikwaa hapo, inanenepa na kuachia mapema. Upande ule mwingine ndio unaong'ang'ania. Usukani umegeuka, mpira unakwenda kinyume na mshono, kuelekea upande unaong'aa. Mpira mpya unahitaji kasi ya kilomita kama 145 kwa saa ili ufanye hivyo, na watu wa kasi hiyo ni wa kuhesabu. Uliochakaa vizuri unaridhika na kasi ndogo zaidi.

Na mpigaji anaona nini? Mpira wa kilomita 140 kwa saa humfikia katika muda wa karibu nusu sekunde. Msukumo wa hewa ukiwa ule ule njia nzima, katika nusu ya kwanza ya muda huo mpira unakuwa umehama robo tu ya mpindo wake wote. Robo tatu zilizobaki zinakuja katika nusu ya mwisho, wakati ameshaamua kibao kipite wapi. Ndiyo maana Lamb alionekana kama mtu aliyepiga kivuli. Alikuwa mpigaji hodari, na uamuzi wake ulikuwa sahihi kwa mpira aliouona ukianza safari.

Kuutunza mpira wa namna hiyo ni kazi ya timu nzima. Upande mmoja unasuguliwa kwenye paja tangu asubuhi, unapakwa jasho kidogo, unasuguliwa tena. Katika mechi za siku tano, ambako mpira ni mwekundu na nguo ni nyeupe, utamjua mrushaji kwa mchirizi mwekundu kwenye suruali yake. Upande wa pili unaachwa uparuzwe na ardhi, na lazima ubaki mkavu kabisa. Mwenzao mmoja mwenye viganja vya jasho akiudaka ovyo, kazi ya saa nzima imeharibika. Sheria inaruhusu kuusugua mpira kwenye nguo. Kuukwaruza kwa kucha au kwa kitu kingine chochote ni marufuku.

Kwa nini Pakistan? Kwa sababu ardhi yenyewe iliwalazimisha. Viwanja vingi vya huko ni vigumu na vikavu, nyasi chache, na mpira huparuzika upesi. Tena mpira ukidunda hauruki wala kuyumba kama unavyofanya kwenye majani mabichi ya Uingereza. Mrushaji wa kasi asiyepata msaada ardhini itabidi autafute hewani. Anayetajwa zaidi kuwa baba wa ujuzi huu ni Sarfraz Nawaz, aliyewahi kuwatoa Waaustralia saba huku wakipata mkimbio mmoja tu kwake katika uwanja ule ule wa Melbourne, Machi 1979. Sarfraz alimpa Imran Khan siri hiyo, na Imran akawarithisha vijana wawili, Wasim Akram na Waqar Younis.

Wasim alizaliwa Lahore tarehe 3 Juni 1966. Hakupanda ngazi moja moja kama wenzake. Alionekana mazoezini akiwa kijana asiye na jina, na Javed Miandad, mmoja wa wapigaji wakubwa wa nchi hiyo, akasisitiza apangwe kwenye kikosi cha kuipima New Zealand pale Rawalpindi mwaka 1984. Kijana akachukua wiketi saba. Baada ya miezi michache alikuwa New Zealand na timu ya taifa, na katika mechi yake ya pili tu ya siku tano, mjini Dunedin, akachukua wiketi kumi. Alikuwa na miaka 18. Inasimuliwa kwamba kabla ya safari ile aliuliza abebe fedha kiasi gani, maana hakujua kwamba mchezaji wa taifa hulipwa.

Alikuwa mtu wa ajabu kumtazama. Hakukimbia umbali mrefu kama warushaji wengine wa kasi. Hatua chache, halafu mkono ukapita kama mjeledi. Mpigaji akitaka kubahatisha mpindo kwa kutazama upande unaong'aa, hakuuona, maana ulifichwa kiganjani hadi dakika ya mwisho.

Mwaka ule ule wa 1992 Pakistan ilikwenda Uingereza na kushinda mechi mbili za siku tano dhidi ya moja. Wasim alipata wiketi 21, Waqar 22. Ndipo zikaanza tuhuma: mpira mkuukuu hauwezi kupinda hivyo, lazima wanaukwaruza. Magazeti yalizibeba kwa miezi. Miaka 13 baadaye, Uingereza iliifunga Australia kwa mpindo huo huo wa kinyume, mikononi mwa Andrew Flintoff na Simon Jones, na safari hii ukasifiwa kuwa ni ufundi. Naliona hilo kuwa dhuluma hadi leo. Ujuzi uliofanyiwa kazi na vizazi vya watu wa Lahore na Karachi haukupaswa kungoja mikono ya wengine ndipo uheshimike.

Njia yake haikuwa safi kila mahali, na si haki kuyaficha. Mwaka 2000, ripoti ya jaji Qayyum kuhusu upangaji wa matokeo ilipendekeza atozwe faini na asipewe tena unahodha. Wasim amekana siku zote kwamba alipanga mechi.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa mwilini mwake. Mwaka 1997, akiwa bado kileleni, aligundulika kuwa na kisukari. Mtu ambaye kazi yake ni kukimbia na kurusha kutwa nzima chini ya jua la Asia alianza kuishi kwa insulini. Wengi wangeaga. Machi 1999, katika mechi mbili zilizofuatana dhidi ya Sri Lanka, moja Lahore na nyingine Dhaka, alitoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Warushaji wengi wakubwa wameondoka bila kulipata jambo hilo hata mara moja.

Kombe lake la mwisho lilikuwa la mwaka 2003 Afrika Kusini, lile lile ambalo Kenya ilifika nusu fainali. Pakistan ilitoka mapema. Lakini tarehe 25 Februari, mjini Paarl, dhidi ya Uholanzi, Wasim aliangusha wiketi yake ya 500 katika mechi za siku moja. Hakuna mtu aliyewahi kufika hapo kabla yake. Alimaliza na 502, pamoja na 414 za mechi za siku tano, akiwa na miaka 36, na sindano zake za insulini mwaka wa sita.