Arifa za barua pepe kwenye mfumo wa tiketi: ni nini, na zinawekwaje

Mfumo wa kufuatilia tiketi ni daftari la pamoja. Kila hitilafu, ombi au kazi huandikwa humo kama tiketi yenye namba yake, jina la aliyeiripoti, jina la aliyekabidhiwa, hali iliyofikia na maoni ya wanaohusika. Bugzilla, uliotoka kwenye mradi wa Mozilla mwaka 1998, ni kati ya mifumo ya aina hii iliyojulikana mapema. Redmine, MantisBT na Jira zilifuata baadaye.

Daftari hili lina upungufu mmoja: halisemi. Kilichoandikwa ndani hubaki ndani mpaka mtu alifungue asome. Arifa ya barua pepe ndiyo inayolipa sauti. Ni barua fupi inayotumwa na mfumo wenyewe pindi jambo linapobadilika kwenye tiketi, ikamfikia mtu ambaye jambo hilo linamhusu.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu akiambiwa "weka arifa", mawazo yake hukimbilia seva ya barua, nenosiri na namba za poti. Hizo zina umuhimu wake na nitazieleza, lakini ni nusu ya kazi, tena ile nyepesi. Nusu nzito ni kuamua nani aambiwe nini. Mfumo unaomwambia kila mtu kila kitu huishia kutosikilizwa na yeyote: baada ya wiki mbili watu huwa wameshatengeneza kichujio cha kuzihamishia barua zake kwenye folda wasiyoifungua. Hapo arifa zinatoka, seva inafanya kazi vizuri, na bado hakuna aliyearifiwa.

Tuangalie tiketi moja kwa karibu. Ni namba 412, "Ripoti ya mwezi haipakuliki". Aliyeiripoti ni mhasibu. Aliyekabidhiwa ni mtengenezaji wa programu. Msimamizi wa mradi naye amejiweka kwenye orodha ya wafuatiliaji. Mtengenezaji anaifungua, anabadilisha hali kutoka "mpya" kwenda "inashughulikiwa", kisha anaandika: "Nimeiona, asante kwa kueleza vizuri. Ripoti ikizidi kurasa 200 seva inakatisha kabla haijamaliza. Naomba unitumie ile ya mwezi uliopita niijaribu." Anabofya kitufe cha kuhifadhi.

Kwanza mfumo unaandika mabadiliko kwenye hifadhidata. Kisha unakusanya majina: aliyeripoti, aliyekabidhiwa, wafuatiliaji. Unamtoa mtengenezaji, kwa sababu ndiye aliyefanya badiliko na hana haja ya kuambiwa alichokifanya mwenyewe sasa hivi. Unatazama alichochagua kila aliyebaki kwenye mipangilio yake. Halafu, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, unakagua ruhusa. Mifumo mingi ina maoni ya ndani, ambayo timu inayaona lakini mripoti hayaoni. Ukurasa wa tiketi unaweza kuyaficha barabara, ila kama hatua ya barua haifanyi ukaguzi uleule, maoni yaliyofichwa kwenye ukurasa yatamfikia mripoti kwenye kikasha chake. Na barua ikishatoka hairudishwi. Anayeongeza programu-jalizi au kuandika kanuni zake za arifa ahakikishe hatua hii haikurukwa.

Baada ya hapo barua inaandikwa. Ile inayomfikia mhasibu ingependeza iwe hivi:

Mada: [Malipo, tiketi 412] Ripoti ya mwezi haipakuliki

Hali imebadilika: kutoka Mpya kwenda Inashughulikiwa.

Chini yake maoni ya mtengenezaji yote, neno kwa neno, kisha kiungo cha kufungulia tiketi, na mwisho mstari mmoja: "Umepata barua hii kwa sababu wewe ndiye uliyeripoti tiketi hii."

Nautetea sana mstari huo wa mwisho. Humwambia mtu kwa nini ametafutwa, na humwonyesha pa kwenda kubadilisha mipangilio asipotaka barua za aina hiyo. Naitetea pia desturi ya kuweka lililobadilika juu kabisa. Ziko arifa zinazoanza na jedwali la sehemu ishirini za tiketi, ambamo kumi na tisa ziko vilevile kama jana, na msomaji anaachiwa kutafuta tofauti mwenyewe. Anayesoma kwenye simu hafiki huko chini.

Mada nayo isibadilikebadilike. Programu za barua hupanga mazungumzo kwa kutazama mada pamoja na mistari iliyofichika inayotangulia barua, ambamo kila barua ina kitambulisho chake na hutaja vitambulisho vya zile zilizoitangulia. Mfumo uliotengenezwa vizuri hujaza mistari hiyo, na barua zote za tiketi 412 hukaa pamoja kwenye uzi mmoja. Ukiweka hali ya tiketi ndani ya mada, kila ikibadilika baadhi ya programu zitafungua uzi mpya, na tiketi moja itatawanyika vipande vitano kikashani.

Sasa usafirishaji. Mfumo wa tiketi si posta. Huandika barua na kuikabidhi kwa seva ya barua, kwa kufuata utaratibu unaoitwa SMTP, ule ambao Jon Postel aliuandikia waraka mwaka 1982 na ambao, pamoja na marekebisho, ungali unabeba barua pepe za dunia. Ili makabidhiano yafanyike, kwenye mipangilio huwa unaulizwa jina la seva ya barua, poti, jina la mtumiaji na nenosiri, aina ya usimbaji fiche (kuyageuza maandishi yasisomeke njiani), na anwani itakayoonekana kama mtumaji.

Poti, yaani namba ya mlango ambao seva hupokelea mawasiliano, ndiyo inayowakwamisha wengi. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva, na kampuni nyingi za kukodisha seva huifunga kwa barua zinazotoka ili kuzuia barua taka. Mfumo wako utumie 587 au 465. Tofauti yake ni hii: kwenye 587 mazungumzo huanza wazi, kisha pande mbili hukubaliana kuhamia kwenye usimbaji fiche, kwenye 465 usimbaji huanza tangu neno la kwanza. Ukichanganya, yaani ukachagua 465 huku mfumo ukisubiri kuanza wazi, kila upande utamngoja mwenzake aseme, na utakachoona ni ukimya mpaka muda uishe. Ukikutana na ukimya wa namna hiyo, kagua hapo kabla hujalilaumu nenosiri.

Kuna sehemu nyingine ya mipangilio ambayo haionekani kama inahusu barua: anwani ya wavuti ya mfumo wenyewe. Barua huandikwa upande wa seva, mara nyingi na kazi inayoendeshwa peke yake bila kivinjari cha mtu yeyote, kwa hiyo mfumo hauwezi kukisia watu wanaufikia kwa anwani gani. Hutumia ile uliyoiandika kwenye mipangilio. Ukiiacha kama ilivyokuja, viungo vyote ndani ya barua vitaelekeza kwenye "localhost", ambayo kwa msomaji ni kompyuta yake mwenyewe. Atabofya na hatapata kitu.

Barua ikishakabidhiwa, seva inayoipokea hujiuliza kama kweli imetoka kwa anayedai kuituma. Majibu yako kwenye rekodi za DNS, orodha ya hadharani ya taarifa za kikoa chako, yaani lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa hicho. DKIM huweka saini inayoonyesha kwamba barua haikuguswa njiani. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini barua isipopita ukaguzi huo. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail awe na zote tatu. Hata kama mfumo wako unatuma barua thelathini tu kwa siku, ziweke. Bila hizo barua nyingi huishia kwenye folda ya barua taka, na hutaambiwa.

Kosa linalohusiana na hilo hutokana na nia njema. Mtu anataka barua ionekane imetoka kwa yule aliyeandika maoni, basi anaweka anwani binafsi ya mwandishi kwenye sehemu ya mtumaji. Seva yako haina idhini ya kutuma kwa jina la kikoa cha mtu mwingine, kwa hiyo barua inakataliwa au kutiliwa shaka. Tumia jina la mwandishi, lakini anwani iwe ya mfumo. Msomaji ataona nani amesema, na ukaguzi utapita.

Kuhusu foleni nitasema kwa kifupi. Barua isitumwe wakati mtu anasubiri ukurasa umalize kuhifadhi. Iwekwe kwenye foleni, kazi nyingine ije kuichukua. MantisBT, kwa mfano, huziweka kwanza kwenye jedwali la hifadhidata. Foleni pia hutoa nafasi ya kurudia. Seva ya upande wa pili ikijibu kwa namba inayoanza na 4, inasema "si sasa, rudi baadaye". Ikijibu kwa inayoanza na 5, kama 550, imekataa moja kwa moja, mara nyingi kwa kuwa anwani haipo. Ya kwanza ijaribiwe tena. Ya pili iachwe na anwani irekebishwe.

Turudi kwenye nusu nzito. Bugzilla huwaonyesha watumiaji wake jedwali ambalo naliona la kufaa kuigwa kimawazo hata kama mfumo wako hauna: upande mmoja uhusiano wako na tiketi (umeiripoti, umekabidhiwa, umewekwa kwenye nakala), upande wa pili tukio (maoni mapya, hali kubadilika, kiambatisho kipya na mengineyo). Unaweka alama pale unapotaka kuambiwa. Lakini watu wengi hawaigusi mipangilio ya namna hiyo maisha yao yote. Kile anachokianzisha msimamizi wa mfumo ndicho watakachoishi nacho, na kwa sababu hiyo uamuzi wake ni mzito kuliko unavyoonekana.

Mimi huanza hivi. Aliyekabidhiwa apate karibu kila kitu. Aliyeripoti apate maoni aliyoelekezwa, na kufungwa au kufunguliwa tena kwa tiketi yake. Wafuatiliaji wapate maoni na mabadiliko ya hali. Kusahihisha herufi kwenye kichwa cha tiketi, kubadilisha lebo, kuihamishia kwenye toleo jingine: kimya kwa wote, isipokuwa mtu ameomba mwenyewe. Na mtu akibadilisha vitu vinne kwenye tiketi moja ndani ya dakika tatu, mfumo usubiri kidogo na kuvituma kwa barua moja. Jira inaweza kukusanya hivyo, na mingine pia. Usipoukuta uwezo huo, uombe.

Baadhi ya mifumo hupokea pia majibu. Mfumo wa hitilafu wa Debian umekuwa ukiendeshwa kwa barua pepe tangu miaka ya 1990: unaripoti, unajibu na hata unafunga tiketi kwa kuandika barua. Mifumo mingine huweka anwani ya kujibia yenye tokeni ya siri (msimbo unaotambulisha tiketi na mtu), ili mhasibu wetu akibonyeza "jibu" kwenye simu na kuambatisha ripoti ya mwezi uliopita, iingie moja kwa moja kwenye tiketi 412 kwa jina lake. Ni huduma nzuri sana kwa watu wasiopenda kuingia kwenye mfumo. Hatari yake ni majibu ya otomatiki. Mtu yuko likizo, programu yake inajibu kila barua. Jibu linakuwa maoni mapya, maoni yanazalisha arifa, arifa inajibiwa tena. Dawa yake ipo tangu mwaka 2004: barua ya mashine hubeba mstari uliofichika unaosema imetumwa na mashine, na mashine ya upande wa pili ikiuona haijibu. Hakikisha mfumo wako unauweka mstari huo, na unauheshimu unapoupokea.

Niliwahi kunakili hifadhidata ya mfumo uliokuwa ukitumika na kuiweka kwenye seva ya majaribio, pamoja na anwani zote za watu na mipangilio yote ya barua. Nikafunga makumi ya tiketi ili kuona ripoti mpya ingeonekanaje. Kila aliyekuwa ameripoti tiketi mojawapo alipata barua kwamba tatizo lake limetatuliwa, na baadhi yao walikuwa wamelisubiri suluhisho hilo kwa miezi. Nilitumia siku mbili kuwaandikia mmoja mmoja. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalofanya kwenye nakala ya majaribio, kabla hata ya kuiwasha, ni kuielekeza kwenye seva ya barua ya bandia kama Mailpit, ambayo hupokea kila kitu na haitumi nje chochote. Kisha hubadilisha anwani zote ziishie na ".invalid", mwisho uliotengwa rasmi mwaka 1999 ili usiwe wa mtu yeyote.

Kitufe cha "tuma barua ya majaribio" kilichoko kwenye kurasa za mipangilio hupima jambo moja tu, kwamba seva ya barua inafikika. Hakipimi mpangilio wa nani apate nini. Ili kuupima fungua akaunti tatu, mripoti, mkabidhiwa na mfuatiliaji, kila moja na kikasha chake, ikiwezekana kwa watoa huduma tofauti. Fungua tiketi, ikabidhi, toa maoni, badilisha lebo, ifunge. Baada ya kila hatua pitia vikasha vyote vitatu, na folda za barua taka pia, uandike nani amepata na nani hakupata. Bofya viungo vilivyomo. Mwisho kabisa andika maoni ya ndani, subiri foleni imalize, kisha ufungue kikasha cha mripoti. Kiwe hakina kitu kipya.