Lililolala juu ya ardhi si la mwokotaji

Jumamosi iliyopita baba mmoja alipanda kutoka korongoni Isimila, eneo letu la zana za mawe za kale karibu na Iringa, na wanawe wawili, begi la binti yake likining'inia upande mmoja kwa uzito. Nikamwamkia, "Kamwene," akaitika vizuri. Nikaomba kuona kilichomo. Lilikuwa shoka la mkono, zana ya jiwe ya watu wa kale, limechongwa pande zote mbili, ncha yake nzima.

"Ndugu yangu, hatukuchimba," akaniambia. "Tumeliokota tu. Mbona yamejaa?"

Nimechoka kuisikia hiyo "tumeokota tu". Nimeisikia kwa walimu, kwa madereva, kwa watumishi wa serikali. Watu wameshika kwamba kosa ni kuchimba, na kwamba kilicho juu ya mchanga ni cha mwenye macho. Si kweli hata kidogo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, haiulizi kama ulikuja na jembe. Inauliza kitu kimetengenezwa na nani, na lini. Kitu chochote kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuchongwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, ni malikale, kiwe ndani ya tabaka la udongo au kimelala juani. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vimo pia. Kibali cha kuchimba ni jambo jingine, kama vilivyo vibali vya kuuza na kusafirisha nje ya nchi. Tiketi ya getini ni ya kuingia na kutazama. Kuhusu kupanda zile nguzo za udongo zilizosimama korongoni na kuchora majina sina la kueleza. Anayechora anajua anachofanya.

Hapo wengine hunirukia na Kimondo cha Mbozi, lile jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani: kile hakikuchongwa na mtu, mbona kinalindwa? Kinalindwa kwa kutangazwa rasmi, si kwa kigezo cha 1863. Na uzito wake wa tani kama 16 haukukiokoa: nendeni mtazame mapengo kwenye ncha yake, yameachwa na watu waliokata vipande.

Sasa hiyo "mbona yamejaa". Hii ndiyo inayoniuma.

Timu ya mwanaakiolojia F. Clark Howell ilipochimba hapa 1957 na 1958, thamani ya kazi ile ilikuwa kujua kila jiwe lilikuwa wapi na limelala na nini. Shoka likikutwa na vibanzi vyake, vile vipande vilivyobanduka wakati wa kulichonga, pembeni, mtu alikaa pale pale akachonga. Likikutwa peke yake, huenda lilibebwa kutoka kwingine. Liondoe, unabaki na jiwe zuri lisilosema kitu, na vibanzi yatima. Tena hakuna anayebeba vibanzi! Kila mtu anachagua lililokamilika, lenye ncha. Miaka ikipita yanabaki mabovu matupu, kisha mtafiti anakuja, anahesabu alichokikuta, anaandika kwamba wachongaji wa Isimila hawakuwa mafundi. Uongo huo utakuwa umetoka kwenye mabegi ya wageni.

Nikiri jambo. Mengi ya mawe yaliyo juu yamefukuliwa na maji ya mvua, na maji hayaheshimu mpangilio. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba jiwe hili lilishapoteza mahali pake kabla yeye hajafika, siwezi kumwapia kwamba amekosea. Hata umri wa zana hizi tunaowatajia wageni, miaka 260,000, ulipimwa kwa njia ya urani, madini ambayo hubadilika polepole kadiri miaka inavyopita. Makadirio ya awali yalikuwa kama miaka 60,000. Pengo hilo ni kubwa, na mimi binafsi huitaja namba ile kwa uangalifu. Lakini tutaliziba kwa nini, kama si kwa vitu vilivyobaki hapa?

Wapo wanaonikumbusha kwamba hata Maclennan, yule mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, aliokota zana hapa mwaka 1951. Ndiyo. Na kupitia kwake mahali hapa pakajulikana, wachimbaji wakaja. Ukikuta shoka kama hilo shambani kwako Kalenga au Mufindi, liache lilipo, mwambie mtendaji wa kijiji, naye apeleke taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale. Hicho ndicho sheria inachokutaka.

Nilimuuliza yule baba walilitoa wapi. Hakukumbuka. Binti akasema, "Mimi najua," akatangulia kushuka. Alitupeleka hadi chini ya nguzo ya tatu, pembeni ya njia ya maji, na kweli shimo dogo lenye umbo la shoka lilikuwa bado kwenye udongo mkavu. Akaliweka. Halikukaa. Akaligeuza upande wa pili, likaingia.