Jicho la samaki wa bahari likivimba, usikimbilie rangi mbili

Kila mwaka tarehe 18 hadi 24 Novemba dunia nzima inakumbushana habari ya usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzoea dawa, na sisi wa maabara ya mifugo hapa Dodoma huwa tunajiandaa kuongea na wafugaji wa kuku na watu wa sato. Safari hii simu zinazotusumbua ni za wenye akwariamu za maji chumvi. Tangu treni ya umeme ianze kufika huku 2024 mtu anashuka Dar asubuhi jioni kasharudi, hobi imekua, na hilo ni jambo zuri tu. Shida ni kwamba swali ni moja: jicho la samaki limevimba limetokeza nje, niweke kapsuli ngapi za rangi mbili, yaani antibayotiki ya tetrasaiklini?

Hujaambiwa uweke kapsuli. Kwanza angalia ni jicho moja au yote mawili. Jicho moja mara nyingi ni kuumia, samaki kajigonga kwenye jiwe, kapigwa na mwenzie, au kakwaruzwa na neti siku anahamishwa, na wengi wanaoletwa na basi ndani ya ndoo wanafika wameshajigonga njiani. Hapo maji yakiwa safi na akiachwa atulie anaweza kupona bila dawa yoyote. Macho yote mawili ni habari nyingine, hapo fikiria maji mabaya, bakteria walioingia ndani ya mwili (jamii ya vibrio hawa ndo wenyeji wa maji ya bahari), au figo zimeharibika, na kama tumbo nalo limejaa na magamba yamesimama basi hali ni mbaya. Angalia pia kama kuna kipovu cha hewa kinaonekana ndani ya jicho, maana pampu ikinyonya hewa kwenye muungano unaovuja inaisukumiza ndani ya maji kwa presha, samaki anajaa gesi, na wewe unamtibu bakteria ambao hawapo!

Sasa hiyo rangi mbili. Tetrasaiklini inashikana na kalsiamu na magneziamu, na maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 400 kwa lita na magneziamu kama 1,300, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa inafungwa humohumo kwenye maji kabla haijamfikia samaki. Umechafua maji, umeweza kuua bakteria wazuri wa filta wanaokula amonia ya uchafu wa samaki, amonia inapanda, na kwenye pH ya 8.2 ya maji ya bahari amonia inakua na sumu kuliko kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Siku mbili baadae mtu anapiga simu anasema dawa zetu feki. Dawa ya macho ya tyubu ya binadamu nayo acheni, inaoshwa ndani ya dakika. Na yule anaetoboa jicho kwa sindano ili hewa itoke, naomba tu asirudie.

Mambo ya kukomaza tenki, yaani kuwakuza kwanza hao bakteria wa filta, sielezi, wote mnayajua. Ninachoona watu hawakijui ni Dodoma yenyewe. Kuna imani kwamba maji ya visima vya huku yana chumvi tayari kwa hiyo samaki wa bahari atayapenda, jamani, ukakasi wa maji ya kisima haukuhusu chochote na gramu 35 za chumvi kwa lita anazotaka huyu samaki, na chumvi ya mezani au ya mawe haiwezi kuziba hilo pengo, nunua chumvi ya akwariamu. Halafu hewa ya huku ni kavu na upepo ni mwingi hasa Juni mpaka Oktoba, maji yanapungua kila siku na chumvi inabaki, mtu anaongezea tena maji ya chumvi, baada ya wiki kadhaa tenki limekua kali na samaki anaanza kudhoofika. Kinachopungua ni maji, ongezea maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine) yasiyo na chumvi. Pima kwa rifraktomita (kifaa cha kupima chumvi), uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu uwe kati ya 1.023 na 1.026. Usiku wa Julai baridi ya hapa sio ya Tanga, kwa hiyo hita iwepo na joto likae nyuzi 25 au 26 bila kurukaruka. Na tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, maji ya huku yanashika oksijeni kidogo kuliko ya Dar, umeme ukikatika usisubiri, washa pampu ya betri.

Matibabu sasa. Pima amonia na naitraiti, zote ziwe sifuri, zikizidi badilisha maji robo ya tenki kwa maji yenye chumvi na joto lilelile. Kama jicho ni moja na anakula, mwache humohumo lakini mtoe anaempiga. Kama ni yote mawili muhamishie tenki la hospitali, lisiwe na mchanga wala mawe, weka filta ya sponji na kipande cha bomba la plastiki ajifiche, taa hafifu. Hapo unaweza kutumia chumvi ya epsomu (magneziamu salfeti, sio chumvi ya mezani), kijiko kimoja cha chakula kwa lita 20, iyeyushe kwanza pembeni ndo umimine taratibu, inasaidia kuvuta maji yaliyojaa nyuma ya jicho. Ukibadilisha maji rudisha epsomu kwa kiasi cha maji uliyotoa tu, usipige hesabu upya ya tenki zima, hapa wengi wanazidisha. Uvimbe unachukua siku nyingi hata wiki kadhaa kushuka, na wakati mwingine jicho linapotea kabisa na samaki anaendelea kuishi vizuri.

Antibayotiki ikihitajika inaamuliwa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003, na mara nyingi itachanganywa kwenye chakula, haimwagwi kwenye maji. Kutibu wanyama kama daktari bila usajili ni kosa, na kuuza dawa hizi kiholela kunaangukia Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba Sura 219, kuna faini, kifungo au vyote viwili, kwa hiyo wale wauza samaki wanaogawa vifuko vya unga mweupe bila lebo tunawafahamu na tunawashauri waache wenyewe.

Ukitaka vipimo vya maabara, mlete samaki akiwa hai kwenye mfuko wenye maji yake, na maji mengine ya tenki kwenye chupa safi tofauti. Akishakufa mlete siku hiyohiyo juu ya barafu, usimweke friza, na aliyelala amekufa usiku kucha kwenye tenki hatusaidii kitu, ameshaoza. Andika ukubwa wa tenki kwa lita, tarehe uvimbe ulipoanza, na dawa ZOTE ulizoweka, hata kama unaona aibu, hatukushtaki kwa kusema ukweli kwenye fomu. Unapewa control namba, unalipa, unaleta risiti, ndo sampuli inaingia. Bila risiti haiingii, hilo msiwalaumu watu wa mapokezi.

Vaa glavu, hasa kama una kidonda mkononi, na usivute maji kwa mdomo kwenye mpira. Kuna bakteria ndugu wa TB anaitwa Mycobacterium marinum, anaweza kuvimbisha macho ya samaki na kwa binadamu anatoa vipele na vidonda sugu mkononi vinavyotibiwa kwa miezi. Ukiona kipele hakiponi mwambie daktari kwamba unafuga samaki, asipojua hilo atahangaika.

Na kwa aliyeuliza kama anaweza kumwachia nemo wake Bwawa la Mtera kwa sababu matibabu yamekua gharama, hapana, Mtera ni maji baridi na huyo ni wa bahari, hatafika mbali. Mpe mwenye tenki mwenzio au mlete ofisini asubuhi kabla ya saa nne.