Kubananisha miti hakuleti kivuli upesi
Ukiwa na uwanja mkubwa mtupu mbele ya nyumba hapa Pemba, utaambiwa: "Bananisha miche, kivuli kije upesi." Sivyo. Miche iliyobanana hugombania mwanga, hurefuka na kuwa myembamba, majani yakabaki juu kabisa huku jua likikuchoma barazani. Kuna uwanja Wete wenye miembe minne iliyosongamana, na kila mmoja una matawi upande wa nje tu. Katikati ni vijiti vikavu. Inasikitisha. Mwembe wa kienyeji uachie mita 10 hivi kutoka mwenziwe, na mshelisheli vilevile. Baraza ikielekea magharibi, panda huko, masika yakianza Machi. Penye nafasi tia migomba: haifiki mwaka ushapata kivuli, na mwembe ukitanuka, ing'oe migomba hiyo.