Laikeni ya majani ni kitu gani hasa?

Ukipita chini ya mwembe mzee hapa Mombasa, hebu tizama shina, utaona mabaka ya kijivu na meupe kama mti umerushiwa chokaa, na wengi husema huo mti mgonjwa. Si ugonjwa, ni laikeni. Wala si mmea mmoja, ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, kuvu ndo nyumba na anashika maji, mwani yuko ndani anapika chakula kwa jua. Mwani wenyewe si huu wa baharini wanaovuna kina mama wa Kibuyuni, huyu mdogo hata jicho halimuoni. Mswisi Simon Schwendener alipoyasema haya miaka ya 1860 wataalamu wenzake wakampinga sana.

Sasa kuna laikeni zisotaka shina wala jiwe, zinakaa juu ya jani bichi. Hazilili hilo jani, ni wapangaji tu, ingawa jamii moja iitwayo Strigula yenyewe inajipenyeza mpaka chini ya ngozi ya jani. Shida ni muda, yani laikeni ya jiwe yaweza kuishi miaka mamia lakini jani litaanguka, kwa hiyo hii lazima itue, ikue na izae kabla nyumba haijadondoka, ndo maana nyingi ni vidoa vya milimita chache, vyembamba kama rangi ya kucha.

Na mbona laikeni hizi za majani zapenda misitu ya milimani? Kiswahili chatuchekesha hapa, ukungu ni ule wa mkate uliooza, yani kuvu, na ukungu ni ule wa asubuhi, na huyu ukungu wa kwanza anamtegemea wa pili kwa sababu laikeni haina mizizi, inakunywa kutoka hewani. Huu upepo wa kusi unaotupiga hapa ufukweni Mama Ngina ukifika Taita unapanda mlima, unapoa, unakuwa ukungu, na msitu kama Ngangao unabaki umeloa. Kata miti mikubwa, jua na upepo viingie, majani ya chini yanakauka na mpangaji kwisha, na huku chini ni Tsavo kavu, atahamia wapi? Zengine zaitwa adimu, ila mi naona ni vile watu wachache sana huinama na lenzi kutazama jani.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nlidhani ni mavi ya ndege, nkayapangusa.